Kiti cha Mzee Bura

Mzee Bura alikuwa amemaliza mwaka mzima bila kutoka nje ya uzio wa nyumba yake pale Tlawi, siku mwanawe Gidion alipomletea gari lenye kiti kinachotoka nje.

Kiharusi kilikuwa kimempata shambani, ameinama anang'oa vitunguu swaumu. Kilimwacha na ulimi mzito kidogo, mkono wa kushoto usio na nguvu, na miguu isiyomtii kabisa. Naye alikuwa mtu wa mwili, mrefu, mabega mapana, mtu ambaye tangu ujana wake aliswaga ng'ombe kwa miguu hadi mnadani Katesh, akilala porini na kuamka akiendelea na safari. Kumwinua kulitaka wanaume watatu wenye nguvu. Doris, bintiye, mwalimu wa shule ya msingi aliyerudi kuishi nyumbani baada ya kufiwa na mumewe, aliweza kumlisha, kumwogesha na kumgeuza kitandani. Kumtoa nje na kumpandisha kwenye gari hakuweza. Ilibidi majirani waitwe, na Mzee Bura hakupenda majirani waitwe kwa ajili yake. Alisema bora akae ndani.

Gidion alikuwa na biashara ya vitunguu swaumu Arusha. Gari aliliona kwenye simu, kwa wakala mmoja wa magari yaliyotumika kutoka Japani, akaambiwa limetengenezwa maalumu kwa wazee na wagonjwa. Alilileta mwenyewe, Jumamosi mchana, akaliegesha mbele ya nyumba, akamwomba Doris amsogeze mzee mpaka kibarazani kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Baba, angalia sasa," alisema, akabonyeza kitufe pembeni mwa mlango wa abiria.

Kiti cha mbele kikageuka polepole kuelekea mlangoni. Kikatoka nje chote, kikatulia hewani kidogo, kisha kikashuka taratibu mpaka kikafika usawa wa magoti ya mtu. Muda wote huo sauti ya mwanamke ilikuwa ikizungumza Kijapani kutoka ndani ya gari, kwa upole, kama muuguzi anayemsemesha mgonjwa.

"Anasema nini?" Mzee Bura aliuliza.

"Anakukaribisha," Gidion alisema, ingawa hakujua.

"Asante, mama," mzee aliijibu ile sauti. Watu waliokuwa wamekusanyika wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Doris alikuwa amesahau ni lini alimwona baba yake akicheka mara ya mwisho.

Tangu siku ile maisha ya mzee yalibadilika. Kumtoa kwenye kiti cha magurudumu na kumweka kwenye kile cha gari lilikuwa jambo la kumtelezesha juu ya ubao laini, kazi ambayo Doris aliimudu peke yake. Akishakaa sawa, Doris anafunga mkanda, anabonyeza kitufe, kiti kinapanda na kuingia ndani na mzee wake. Jumapili walikwenda kanisani. Siku za mazoezi ya viungo walikwenda hospitali Mbulu mjini. Siku za mnada walikwenda Dongobesh, na Mzee Bura alitolewa nje ya gari palepale karibu na zizi, akakaa juu ya kiti chake akitazama ng'ombe na kuuliza bei kama zamani. Wazee wenzake walimjia. Vijana walimpa shikamoo wakiwa wameinama kidogo, maana kiti kilikuwa chini, na yeye akawaitikia marahaba mmoja mmoja. Alianza tena kuvaa kofia yake. Alianza tena kumuuliza Doris kesho wanakwenda wapi.

Hitilafu zilianza na vitu vidogo, vitu ambavyo mtu hatamsumbulia fundi. Kitambaa cha dari kiliachia gundi kikawa kinaning'inia juu ya kichwa cha mzee. Kioo cha mlango wake kilikwama nusu. Taa ya mkanda iliwaka hata mkanda ukiwa umefungwa. Doris alibandika dari kwa gundi ya viatu, akaendelea na safari zake. Baadaye kiti chenyewe kikaanza kusita. Kilikuwa kikifika katikati kinasimama, kinatoa mlio kama wa mtu anayesaga mahindi mabichi, halafu kinaendelea. Jumapili moja kilisimama uwanjani kanisani, kikiwa kimegeuka nusu, na mzee akakaa ameitazama fremu ya mlango mpaka ibada ikaanza. Doris alizima gari, akaliwasha, akazima, akaliwasha. Kikaendelea.

Jioni alimpigia kaka yake.

"Unabonyeza kwa pupa," Gidion alisema. "Kile kitufe kinataka utulivu. Bonyeza, shikilia, usiachie."

"Ndivyo ninavyofanya, kaka."

"Basi ni vumbi. Futa vumbi kwenye reli."

Alifuta vumbi. Kiti kikasita tena. Akampigia tena, na mara hiyo Gidion alikuwa anapakia mzigo, akasema atamtafuta yule wakala. Wakala hakupatikana. Namba yake ilikuwa inaita tu, na baada ya wiki chache ikawa haiiti.

Doris akalipeleka gari Dongobesh kwa fundi Shumbana, mtu mwenye jina zuri kwa injini na breki. Shumbana alilala chali chini ya dashibodi na tochi, akatoka na vumbi usoni.

"Mwalimu, mimi nikuambie ukweli," alisema. "Hiki kiti ndani yake kuna mota tatu na giya za plastiki. Moja imeliwa meno. Nimepaka grisi, kitakwenda. Kitakwenda mpaka lini, sijui."

"Giya mpya inapatikana wapi?"

"Nimempigia jamaa yangu Dar es Salaam. Anasema kitu kama hiki hakiuzwi peke yake. Mpaka upate gari lingine kama hili limepata ajali, uchukue kiti kizima." Akajifuta mikono kwa tambara. "Kuna kitabu chake?"

Kitabu kilikuwepo, chote Kijapani. Walikifungua pamoja juu ya boneti. Ukurasa mmoja ulikuwa na mchoro wa mwanamume mwenye kofia, amechomeka chuma kirefu kilichopinda kwenye tundu pembeni mwa kiti, anakizungusha kwa mkono. Shumbana aliutazama mchoro huo kwa muda mrefu. Tundu walilipata. Chuma hakikuwemo garini, wala chini ya zulia, wala kwenye sehemu ya tairi la akiba. Alijaribu spana zake zote na hakuna iliyoingia.

"Usimtoe mzee ovyo," alisema mwishoni. "Pale tu panapolazimu."

Doris aliendesha kurudi Tlawi akiyatafakari maneno hayo. Kumtoa mzee ndiyo ilikuwa kazi yenyewe ya lile gari. Alipunguza safari za mnadani, akasema mafuta yamekuwa shida. Baba yake hakuuliza zaidi, ila alivua kofia akaitundika.

Mwezi wa tatu, mvua zimeshika, Judith alipiga simu kutoka Maretadu. Judith alikuwa binti wa shangazi yao Scolastica, dada wa pekee aliyebaki wa Mzee Bura. Shangazi alikuwa mgonjwa tangu Krismasi, na sasa alikuwa hali tena chochote ila uji mwepesi.

"Anamtaja mjomba kila siku," Judith alisema. "Anauliza kama mvua imemzuia."

Doris alikuwa ameweka simu kwenye spika, na mzee alikuwa karibu, anasikia.

"Kesho tunakwenda," Mzee Bura alisema.

"Baba, kiti..."

"Kesho tunakwenda, mwanangu."

Asubuhi, kabla hajamwandaa, Doris alikitoa kiti kikiwa kitupu, akakirudisha, akakitoa tena. Kilikwenda bila kusita hata kidogo. Yule mama wa Kijapani alizungumza maneno yake yote mpaka mwisho. Doris akashukuru Mungu, akamvika baba yake shati jeupe, koti, na blanketi la mabega, akafunga kopo la asali na maharage mapya kwa ajili ya shangazi. Judith alipoambiwa kwamba wameshaondoka, alisema atamvalisha mama yake amkalishe kitako, maana mwenyewe hataki kaka yake amkute amelala.

Walipita Dongobesh salama. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha utelezi barabarani, lakini anga lilikuwa wazi, na upande wa kusini mlima Hanang ulionekana wote bila wingu. Mzee alikuwa mchangamfu. Alimsimulia Doris jinsi Scolastica alivyokuwa akimfuata machungani akiwa mtoto, akakataa kurudi nyumbani hata akichapwa. Doris aliendesha polepole, akikwepa mashimo kwa ajili ya kile kiti.

Walikuwa wamebakiza mwendo mfupi kufika Maretadu mzee aliponyamaza ghafla. Baada ya muda alisema, bila kumtazama bintiye, "Simamisha. Nataka kujisaidia."

Alikuwa na chupa yake kwa shughuli hiyo. Nyumbani, na hata safarini, Doris alikuwa akimpa chupa na kumpisha, naye alijimudu kwa mkono wake wa kulia. Lakini ndani ya gari, amefinywa kati ya dashibodi na mlango, hakuweza. Ilibidi atolewe nje.

"Baba, huwezi kuvumilia mpaka kwa shangazi? Tumekaribia sana."

"Nimevumilia tangu Dongobesh."

Doris aliegesha pembeni, penye majani, kando ya shamba la mahindi. Aliwasha taa za tahadhari. Akabonyeza kitufe akakishikilia kwa utulivu, kama alivyoagizwa. Kiti kikageuka, kikatoka, kikashuka. Akamfungulia mzee vifungo, akampa chupa, akaenda kusimama nyuma ya gari akitazama barabara walikotoka.

"Tayari," mzee aliita baadaye.

Doris alirudi, akaitaka chupa, lakini mzee alisema anafunga kwanza kizibo, bonyeza tu twende. Akabonyeza. Kiti kikapanda. Kilipofika nusu ya safari kilitoa ule mlio wa kusaga, kikafuatiwa na mlio mwingine ambao Doris alikuwa hajawahi kuusikia, mkavu, kama wa mfupa unaovunjika, na upande mmoja ukashuka ghafla. Mzee Bura akalala upande, amening'inia, miguu yake haigusi chini, mkanda umemkaba kifuani. Chupa ikamtoka mkononi. Ilimwagika yote mapajani mwake kabla haijaanguka kwenye majani.

Mama wa Kijapani akasema sentensi moja. Akanyamaza. Akaisema tena.

Doris alibonyeza kitufe cha kushusha, kisha cha kupandisha, kisha cha kushusha. Alizima gari, akahesabu kimoyomoyo, akaliwasha. Alisukuma kiti kwa bega. Alijaribu kumnyanyua baba yake chini ya makwapa ili angalau akae wima, akaweza kumsogeza kidogo sana, na alipopumua mzee akarudi palepale. Kiti cha magurudumu kilikuwa nyuma ya gari, lakini kilikuwa chini mno kuliko pale mzee alipokuwa amekwama. Kumtelezesha kungekuwa kumwangusha.

"Zima hiyo sauti," mzee alisema.

"Sijui inavyozimwa, baba."

Sauti iliendelea kurudia yale yale, bila kukasirika wala kuchoka. Doris alihisi kwamba labda inawaambia cha kufanya. Labda inasema bonyeza hapa, vuta pale. Alimpigia Gidion. Nyuma ya sauti ya kaka yake kulikuwa na kelele za wapakiaji.

"Zima, halafu washa," Gidion alisema.

"Nimeshafanya hivyo."

"Subiri dakika chache, ujaribu tena. Mota inapata joto."

"Baba ananing'inia nje, kaka. Ananing'inia barabarani."

"Sasa mimi niko Arusha, Doris. Nifanye nini?"

Alimpigia Shumbana, ambaye alisema atakuja kwa bodaboda. Kisha akasimama mbele ya baba yake na kulishika bega lake asizidi kulala, akangoja. Anga la upande wa Maretadu lilikuwa limeanza kuwa jeusi.

Wa kwanza kusimama walikuwa wanaume wawili kwenye pikipiki iliyobeba mbolea. Walimsalimia mzee shikamoo, wakalizunguka gari, wakakitikisa kiti, wakaambiana kwa Kiiraqw kwamba hii ni mali ya kizungu. Wakaja vijana wengine waliokuwa wakipalilia shambani. Wakaja wanawake wawili waliokuwa wakitoka kusaga. Kila mmoja alitaka kubonyeza kitufe, na Doris akawaachia wabonyeze, maana hakuwa na sababu ya kuwakataza. Mvua ilianza kwa matone makubwa. Mwanamke mmoja alivua kanga yake ya juu akamfunika mzee kichwa.

"Tumbebe tumweke kiti cha nyuma," mmoja wa wale wa pikipiki alisema. "Atalowa."

"Subirini kwanza," Mzee Bura alisema.

Lakini alisema kwa sauti ndogo, na ulimi wake mzito, na mvua ilikuwa inapiga bati la gari. Wengine hawakusikia. Doris alisikia, na alijua kwa nini. Alitaka kuwaambia wasubiri amfute kwanza, amfunike, lakini wanaume walikuwa wameshafungua mkanda na kumshika miguu na mabega. Walimwinua. Vifungo vya suruali vilikuwa bado havijafungwa. Suruali ikashuka mpaka magotini, imelowa, mbele ya vijana na wale wanawake, na mwanamke mwenye kanga akageuza uso haraka akatazama mahindi. Hakuna aliyecheka. Doris alikumbuka hilo baadaye kama jambo la kushukuru, lakini pale pale, ukimya wao ulimuumiza kuliko kicheko.

Walimlaza kwenye kiti cha nyuma, kwa sababu miguu yake haikukunjika kwa urahisi. Mzee alifumba macho. Doris alimfunika kwa blanketi na kuwashukuru watu, na watu wakaondoka mmoja mmoja kwa sababu ya mvua.

Simu ikalia. Ilikuwa Judith.

"Mmefika wapi? Mama amekaa anangoja. Amekataa kurudi kitandani."

Doris alitazama nyuma. "Baba, ni Judith. Tuko karibu. Shumbana akija tutafunga kiti kwa kamba, twende hivyo hivyo polepole. Au niwaombe watu wa kule waje na gari."

Mzee Bura hakufumbua macho. "Turudi."

"Shangazi amekaa anakungoja."

"Siendi kwa mgonjwa ninanuka mkojo. Turudi nyumbani."

"Kwa Judith kuna maji ya moto, baba. Nitakuogesha hapo, hakuna atakayejua."

"Watu wote hawa wa huku wanajua," alisema. "Kabla hatujafika watakuwa wamefika."

Doris alimwambia Judith kwamba gari limeharibika. Alimwomba ampe shangazi simu azungumze na kaka yake, na Judith akasema haya. Doris akaiweka simu sikioni mwa mzee. Alisikia sauti ya shangazi, nyembamba kama ya mtoto, ikiita jina la baba yake mara mbili. Mzee alifungua mdomo. Midomo ilitetemeka na ulimi haukutoa kitu. Kisha akageuza uso akauelekeza kwenye mgongo wa kiti, na Doris akaichukua simu na kusema kwamba mtandao ni mbaya, watapiga baadaye.

Shumbana alifika amelowa chapachapa. Alilala chini matopeni, akachomoa waya, na hapo ndipo yule mama wa Kijapani aliponyamaza. Alijaribu kukisukuma kiti kwa jeki, kikakataa. Bolti za kukifungulia zilikuwa chini ya sehemu ambayo kiti kilitakiwa kwanza kirudi ndani ndipo ufikie. Alisimama akajifuta mikono kwenye suruali yake.

"Pole, mwalimu," alisema. "Pole, mzee."

Waliufunga mlango kwa kamba ukiwa wazi, kiti kimetokeza nje, wakarudi Dongobesh kwa mwendo wa mtu anayetembea. Shumbana alikaa nyuma, kichwa cha mzee mapajani pake. Mbuzi walikimbia kando walipoona kile kitu kinawajia. Mahali fulani lori liliwapigia honi mfululizo. Mvua iliingia mlangoni ikalowesha kila kitu, na kopo la asali lilibingirika chini ya miguu ya Doris mpaka walipofika.

Wiki ile Doris alihangaika. Aliongea na jirani mwenye gari la Noah, akaongea na wanaume wanne wa jumuiya ya kanisani waliokubali kuja kumbeba mzee. Akayapanga yote, ndipo akaenda kumwambia.

"Hapana," Mzee Bura alisema.

"Wamekubali kwa moyo wao, baba. Hakuna anayelalamika."

"Najua hawalalamiki. Nimesema hapana."

"Shangazi hali yake si nzuri."

Mzee alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na dirisha, na kule nje gari lilikuwa limefunikwa turubai, upande mmoja umevimba pale kiti kilipotokeza.

"Watu watanibeba siku moja tu," alisema mwishowe. "Siku hiyo sitajua. Kabla ya hapo, usiniletee watu tena."

Doris alitoka nje akasimama nyuma ya jiko. Alifikiria kuwaita tu wale wanaume waje wambebe kwa nguvu, kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano. Alifikiria pia kumwomba Judith amlete shangazi, lakini shangazi hakuwa wa kusafirishwa. Kati ya nyumba mbili zile kulikuwa na safari ya asubuhi moja, na hakuona njia yoyote ya kuwafikisha wazee wale wawili kwenye chumba kimoja.

Shangazi Scolastica alifariki siku chache baadaye, alfajiri. Doris alimwambia baba yake akiwa amepiga magoti mbele yake. Mzee aliitikia kwa kichwa, akaomba afunguliwe dirisha.

Mazishini alikwenda Doris, na Gidion akaja kutoka Arusha moja kwa moja mpaka Maretadu. Watu walimuuliza Doris habari za mzee, naye akajibu kwamba hajiwezi, na kila mtu akaelewa. Judith alimshika mkono wakiwa wanatawanyika.

"Siku ile alikaa mpaka giza likaingia," Judith alisema. "Nilimwambia mjomba haji tena leo. Akasema huyu ng'ombe zake wamechelewa tu."

Judith hakusema kwa kulaumu. Doris aliondoka na maneno hayo bila kujua ayaweke wapi.

Gidion alirudi naye Tlawi. Alimpa baba yake pole, akakaa naye kidogo, kisha akatoka nje. Kupitia dirishani Doris alimwona akitoa turubai. Alirudisha waya alizozichomoa Shumbana, akawasha gari, akabonyeza kitufe. Kiti hakikutikisika. Kutoka ndani ya gari ile sauti ya upole ikasema sentensi yake. Gidion akabonyeza tena, akashikilia kwa utulivu kabisa, bila kuachia. Doris akamfuata.

"Mbona hukuniambia kwamba imefikia hivi?" Gidion aliuliza.

"Nilikuambia, kaka."

Gidion alikaa kwenye ukingo wa kile kiti kilicholala upande, akateleza, akasimama tena. Alikuwa amelinunua gari lile kwa mapenzi, na Doris alilijua hilo.

"Nitatafuta kingine," Gidion alisema. "Hata kama ni cha kuagiza Japani kwenyewe."

"Tafuta," Doris alisema.

Kabla hajaondoka walimwita Shumbana, ambaye alikikata kiti kwa msumeno wa chuma, akakitoa vipande. Alijaribu kuweka kiti cha kawaida pale mahali, lakini sakafu ya gari lile ilikuwa imejengwa kwa ajili ya ile mashine, na hakuna kiti kingine kilichokaa. Mlango ulifungika, hata hivyo. Doris akaanza kwenda nalo shuleni siku za mvua. Walimu wenzake walipomwomba lifti walikaa nyuma, na pembeni yake kulikuwa na bati tupu lenye matundu manne ya bolti.

Jioni moja, Doris akimlisha ugali na maziwa, Mzee Bura alimuuliza kuhusu mazishi. Alikuwa hajauliza mpaka siku hiyo. Alitaka kujua kaburi limechimbwa upande gani wa nyumba, nani aliomba, kama udongo ulikuwa umelowa. Doris alimweleza yote, polepole, kwa mpangilio. Kaburi liko karibu na kaburi la mume wa shangazi. Katekista aliomba. Udongo ulikuwa umelowa lakini mvua ilingoja.

Mzee alitafuna, akameza.

"Siku ile," alisema, "alikaa muda gani akiningoja?"

Doris alikoroga maziwa ndani ya bakuli.

"Si muda mrefu, baba. Judith alimlaza mapema."

Mzee Bura alimtazama. Jicho lake la kushoto lilikuwa na machozi, lakini hilo lilikuwa hivyo siku zote tangu ugonjwa ulipompata, kwa hiyo Doris hakuweza kujua kama analia.

"Judith ni mtoto mzuri," alisema. Akafungua mdomo, na Doris akampa tonge lingine.